Gauni la mwanangu lina miaka miwili kwenye cherehani na bado nafumua

Shikamoo shangazi. Naandika toka Uyole hapa Mbeya, naomba usinicheke, au cheka tu ila mwishoni unijibu.

Mi ni mama wa watoto wawili, wa kike na wa kiume, kazi yangu ni uhasibu kwenye kampuni ya mtu binafsi, na pengine ugonjwa umeanzia hukohuko maana kule shilingi mia ikipotea hatutoki ofisini mpaka ionekane. Miaka mitatu iliyopita mama yangu aliacha kushona kwa sababu ya macho, akanipa Butterfly yake ya miguu. Hiyo cherehani imekaa barazani Tukuyu toka mi sijaanza shule, mama alikuwa anashona sare za wanafunzi zaidi, na ndo iliyotusomesha. Nikajisemea sawa, sasa wanangu watavaa nguo za mkono wa mama yao, ntaachana na mafundi wa njoo kesho njoo keshokutwa.

Shangazi toka siku hiyo nimemaliza kitu kimoja. Foronya. Na nayo niliifumua mara mbili.

Ngoja nikueleze la gauni la kijani ndo utanielewa. Shoga yangu alienda Tunduma akaniletea kitenge cha kijani chenye ndege, kizuri hicho, nikakata gauni la binti yangu, wakati huo ana miaka 5, la kiuno na marinda chini na zipu nyuma. Kukata nilikata vizuri. Nikashona, nikafika kwenye zipu, nikaifunga, nikaona mshono wa kiuno upande wa kushoto umepanda kuliko wa kulia, padogo tu kama unene wa njiti ya kiberiti. Mume wangu nikamwita aangalie akasema haoni kitu. Mi nimeona, nikafumua. Nikarudia, safari hii wa kulia ndo umepanda. Nikafumua. Ya tatu vikalingana, kwenda kuangalia vizuri kumbe ndege wa upande huu kakatwa kichwa na mwenzie wa upande ule anacho kichwa chake, basi nikafumua na kiuno chote nianze upya. Ikawa kila siku saa sita usiku watu wamelala mi niko na wembe na taa ya simu. Mara ya saba wembe ukapita kwenye kitambaa chenyewe. Nilikaa pale chini nikalia kama nimefiwa, na nililia kimyakimya nisiamshe watu.

Nikajaribu blauzi yangu ya satini, nikafumua, yale matobo ya sindano yakabaki mpaka leo kama chujio. Iko kwenye droo. Droo hiyo shangazi sitaki hata kuizungumzia.

Alafu mwaka jana ikaja send-off ya mdogo wangu. Familia nzima tukagawiwa kitenge cha sare, wenzangu wote wakapeleka kwa mafundi Mwanjelwa mapema tu, mi nikasema ntajishonea mwenyewe. Siku ikafika nguo ina mkono mmoja, wa pili niliung'oa usiku wake kwa sababu ulikuwa unavuta kidogo begani. Nikavaa gauni langu la bluu. Kwenye picha zote ndugu wamefanana mi niko pembeni kama mpita njia aliyeomba kupigwa picha. Mdogo wangu hajasema neno ila najua. Mama akaniuliza, kwani cherehani imeharibika? Nikamjibu ndio mama. Yaani nimemdanganya mama yangu kuhusu cherehani yake mwenyewe, na hapo nasema niko Moravian nimekulia kwenye kwaya.

Na huyu mama ana tabia moja, ukimwonyesha nguo, hata ya dukani, hasemi imependeza mpaka aigeuze ndani nje aangalie mishono. Mi sijawahi kumwonyesha chochote nilichoshona, hata ile foronya niliificha alipokuja.

Sasa wiki iliyopita binti yangu, ana miaka 7 saivi, alikuwa anatafuta soksi akakutana na lile gauni la kijani akalinyanyua akasema, mama hili gauni la mtoto wa nani?

Nilikosa jibu. Baba yao anasema tuiuze cherehani inachukua nafasi sebuleni. Mi naipenda shangazi, ile sauti yake tu nikikanyaga inanituliza kuliko kitu chochote, shida yangu ni kumaliza, nataka kila kitu kiwe pafekti na hakiwi. Niache? Au kuna dawa? Ndaga fijo.

Mama Fumua, Uyole

*

Marahaba mwanangu, kamwene toka Iringa.

Kwenye foronya nimecheka, uliniruhusu. Kwenye mtoto wa nani sikucheka.

Watu wengi wakiniandikia hapa hawajui kuwa kabla ya kujibu barua za watu nilikaa kwenye cherehani miaka mingi, Mlandege hapa, kwahiyo utanisamehe, we umenimwagia ya moyoni na mi jicho langu limeenda moja kwa moja kwenye zipu. Tuanze nayo, maana ukielewa kwa nini kiuno chako kinapanda nusu ya machozi yako yatakauka.

Inama uangalie chini ya mguu wa cherehani, ule mdogo unaokandamiza kitambaa pale kwenye sindano, kuna meno. Yale meno ndo yanavuta kitambaa kwenda nyuma. Sasa ukiwa na vitambaa viwili, cha chini kinavutwa na meno na cha juu kinakandamizwa na mguu kinachelewa. Kila mshono kinachelewa kidogo sana, huwezi kuona, ila ukishona zipu toka juu mpaka chini huo uchelewaji unajumlishwa (we mhasibu unajua vitu vidogo vikijumlishwa) na ukifika kiunoni upande mmoja umeshasogea njiti yako ya kiberiti. Ukafumua ukashona vilevile, utapata kosa lilelile, kushoto au kulia kutegemea umeanzia wapi. Hata ungefumua mara 70. Mkono wako hauna tatizo hapo, cherehani nyingi ziko hivyo, siyo ya mama yako tu.

Dawa yake ni kwamba zipu ya gauni lenye kiuno usianzie juu. Anzia kiunoni. Unalinganisha ile mishono miwili ya kiuno, unaishikiza kwa mkono na uzi wa rangi nyingine ili uione, unashona toka kiunoni kwenda juu, unakata uzi, unarudi kiunoni unashona kwenda chini. Kosa kama lipo litajikusanya huko shingoni au mwisho wa zipu, ambako unalipunguza na mkasi. Hili jambo nilifundishwa na mama mmoja wa Makambako nikiwa tayari nimeharibu magauni ya watu matatu, kwahiyo usijione.

Na huko kushikiza kama mkono unakuchosha, shikiza kwa cherehani, weka urefu wa mshono kwenye 4 au mwisho kabisa wa cherehani yako. Mshono mrefu unautoa kwa kuvuta uzi tu, wembe hauhitajiki. Unashikiza, unajaribisha, unaona ndege wako wana vichwa au hawana, ndo unarudi na mshono mdogo wa kudumu.

Ndege wenyewe sasa. Kitenge kinachapwa, hakifumwi na picha yake, na mara nyingi picha imekaa upande kidogo ukilinganisha na nyuzi za kitambaa. Ukifuata nyuzi picha inapinda, ukifuata picha gauni linapinda baada ya kufua. Kwahiyo fundi anachagua, analinganisha mbele katikati ambako jicho la mtu linatua, mgongoni na ubavuni anaacha. Hao ndege wa mgongoni ungewapatia vichwa, wale wa ubavuni wangekosa miguu, na ungefumua ubavu. Hiyo vita haiishi.

Alafu swali, sindano umebadilisha lini? Mi naapa kwa barua hii ni ileile aliyokuachia mama. Sindano haisubiri ivunjike ndo itolewe, wanaojua wanaitoa baada ya kama masaa 8 ya kushona. Kitenge kinataka namba 14, satini inataka 11 au chini yake na iwe mpya kabisa, ukitumia ya kitenge kwenye satini unapata hilo chujio lako. Na ujue pamba inasamehe, ukifumua ukailowesha maji ukapiga pasi matobo yanajifunga karibu yote. Satini haisamehe. Satini na ngozi vikishatobolewa vimetobolewa, kwahiyo hivyo hatuvishoni tukiwa wanafunzi, weka pembeni, wala usiiangalie tena hiyo blauzi.

Sasa nikuseme kidogo, maana shangazi asiyesema ni jirani tu.

Nimesoma barua yako mara mbili natafuta mahali ulipoandika umeloweka kitenge kabla ya kukata. Hamna. Natafuta mahali ulipojaribisha kwanza kwenye kitambaa kingine, hata shuka la mtumba. Hamna. Kushikiza hamna. Pasi hujaitaja hata mara moja, barua nzima ya mtu anayeshona haina pasi! Mi nikipiga hesabu ya kazi yangu nusu ya muda nilikuwa kwenye pasi, mshono mmoja pasi, mshono mwingine pasi, ule wa mkaa nilioshikilia mpaka kiganja kikawa kigumu. Mshono usiopigwa pasi utaonekana umepinda hata kama umenyooka kama barabara ya Igawa.

We unajiita mtu wa pafekti. Mi naona mtu mwenye haraka mwanzoni na ukali mwishoni. Kule ambako umakini ungekusaidia, kwenye kuloweka na kupima na kushikiza, umepita mbio kwa sababu kunachosha na hakuna cha kuonyesha. Umakini wote umeuhifadhi kwa ajili ya saa sita usiku na wembe, ambako hauwezi kujenga kitu, unaweza kuharibu tu. Na kitenge kisicholowekwa, tuseme ungefanikiwa ile mara ya nane, mtoto akavaa Jumapili, Jumatatu ukalifua, pamba ikajivuta, kiuno kingepanda chenyewe bila kukuomba ruhusa.

Ofisini huwezi kufanya hivyo. Hukai mwaka mzima bila kuangalia risiti alafu siku ya kufunga hesabu uanze kuchana daftari na wembe. Unahakiki kila siku kidogo kidogo, ikifika mwisho unasaini. Sa kwa nini nguo ya mwanao inapata mhasibu mbovu kuliko hiyo kampuni?

Kuhusu kufumua, sikukatazi, fundi asiyefumua ni mwongo. Ila mimi mezani nilikuwa na swali moja, hii nguo itavalika? Zipu inapanda, mkono unaingia, mshono haujaachia, mtu anaweza kuinama kanisani. Kama ndio nimemaliza, naning'iniza. Kama hapana nafumua mara moja, na kama itabidi mara ya pili basi silali nayo mkononi, naiacha mpaka asubuhi nione kwa mwanga wa jua. Taa ya simu inaonyesha mabonde ambayo hayapo. Na huo wembe uweke mbali, uliza kwa wanaouza uzi na vifungo hapo Mwanjelwa kile kidude cha kufumulia chenye kijincha cha kama uma, ni bei ndogo, kinakata uzi na siyo rahisi kichane kitambaa kama wembe.

Ukiwa hapohapo Mwanjelwa nenda upande wa mitumba. Usinunue. Geuza magauni kama kumi ndani nje, yale ya ng'ambo yenye lebo nzuri nzuri, uangalie viuno vyao. Utakuta uzi unaning'inia, lainingi imepindishwa, mishono haijakutana, na kuna mtu huko alilivaa akasifiwa.

Hapo kwenye kugeuza ndo tunafika kwa mama yako. Umelitaja kwa mistari miwili ukapita haraka, mi nimeliona.

Mwanangu hata mimi nageuza. Mpaka leo nikienda kwenye sherehe mtu akinionyesha kitenge chake mkono unaenda kwenye pindo wenyewe, wanangu wanaona aibu. Watu wanadhani natafuta kosa. Mara nyingi natafuta akiba. Mama yako alishona sare, na sare ya shule haivaliwi na mtoto mmoja, anavaa mkubwa anamwachia anayemfuata, kwahiyo fundi wa sare anaacha kitambaa cha kutosha ndani, inchi nzima ubavuni, vidole vitatu au vinne kwenye pindo, ili mwakani mzazi aachie bila kununua nyingine. Nguo ya namna hiyo uzuri wake uko ndani. Siwezi kuapia moyo wa mama yako, simjui, yawezekana kweli ni mkali kama pilipili. Ila na wewe humjui kwa hilo, maana hujawahi kumpa cha kugeuza. Umemnyima hata foronya!

Na hebu niulize, gauni la kijani uliliachia akiba kiasi gani? Najua jibu. Ungeacha akiba lingekua na mtoto na angelivaa leo.

Cherehani usiuze. Mwambie baba yao shangazi kasema atafute pengine pa kuweka televisheni. Na sare za shughuli, mwaka mwingine peleka kwa fundi kama wenzako, siyo aibu, mi mwenyewe siku ya harusi ya mwanangu nilivaa nguo niliyoshonewa na kijana wa Mashine Tatu, na nilimlipa na nikamshukuru, kwa sababu nguo yenye tarehe na mkono wenye wasiwasi havikai pamoja.

Gauni la kijani sasa. Usilifumue kiuno tena. Chukua mkasi, ukate juu ya mshono wa kiuno kuzunguka lote, juu lote litoke na zipu itoke na pale wembe ulipopita patoke. Najua umeshtuka. Kata. Utabakiwa na marinda, na marinda yana upana wa kumtosha mtoto wa miaka 7 bila shida. Hiyo sehemu ya nyuma iliyokuwa na zipu uifunge kwa mshono wa kawaida. Kiunoni uongeze mkanda wa kitambaa cheusi cha pamba, ukiloweke kwanza tafadhali, uukunje, uache uwazi kidogo upitishe lastiki, lastiki yenyewe ipime kiunoni kwake utoe kama inchi moja na nusu. Chini kwa sababu amerefuka, ongeza utepe wa hichohicho cheusi, upana wa kiganja na akiba ndani. Piga pasi kila ukimaliza mshono. Ianze Jumamosi asubuhi baada ya chai na iishe kabla ya giza kuingia, jioni hiyohiyo mvalishe, usiilaze kwenye droo hata usiku mmoja.

Mwezi wa sita shule zikifungwa, hapo Uyole njiapanda mnapanda gari mnaenda Tukuyu kwa bibi yake, mtoto na sketi yake. Baridi ya huko mwezi huo unaijua, atakuwa na sweta juu mpaka mapajani, kiuno chenyewe hata hakitaonekana. Mama mwambie ukweli, cherehani nzima, mimi ndo nilikwama. Alafu umvue mtoto sketi umpe bibi aigeuze. Umesema macho yake yameisha nguvu, kwahiyo ataipapasa, atapitisha vidole kwenye mishono yako taratibu, atafika kwenye pindo atapima ile akiba. Kichwa cha ndege hakipapasiki.

Atakachosema niandikie.

Shangazi